Kifo Chenye Shaka: Mambo ya Televisheni na Mambo ya Kweli

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Jioni ile, baada ya chakula, tuliruhusiwa kutazama televisheni bwaloni. Mwalimu wa zamu alituwekea mchezo wa Kiingereza uitwao Silent Witness, yaani Shahidi Aliye Kimya. Mchezo huu ulianza kuonyeshwa na shirika la BBC mwaka 1996, nao unahusu madaktari na wataalamu wa maabara wanaochunguza vifo vyenye shaka. Kwa desturi kisa kimoja hugawanywa sehemu mbili, kila moja kiasi cha saa moja. Kisa cha jioni ile kiliwatoa wataalamu kwao na kuwapeleka ugenini, ambako mtu amekufa na wenyeji hawapendi maswali. Kabla kengele ya kulala haijalia, mambo yote yalikuwa yamefichuka na mwuaji amekamatwa. Tulishangilia sana.

Mwalimu wetu wa Baiolojia alikuwa ameketi nyuma. Tulipokuwa tukirudisha viti akatuuliza maswali matatu. Mtu yule alikufa kwa sababu gani? Nani aliyemwua? Na hilo la kwanza lilijulikanaje? Swali la pili tulilijibu sote kwa sauti moja. La kwanza lilijibiwa na wachache. La tatu halikupata mtu. Mwalimu akacheka kidogo akasema, "Basi ninyi hamkutazama uchunguzi. Mmetazama kukamatwa."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Nilikwenda maktaba, na katika chumba cha kompyuta pia, nikasoma habari za wataalamu wa kweli. Niliyoyapata ndiyo haya.

KAZI YA WATAALAMU HAWA

Mtu akifa ghafla, au pahali pasipoeleweka, maswali huwa mengi, lakini yafaa yatenganishwe. Swali la kwanza ni sababu ya kifo: ni kitu gani kilichousimamisha mwili? Yaweza kuwa ugonjwa wa moyo, jeraha, maji au sumu. Swali la pili ni namna ya kifo: je, ni maradhi tu, ni ajali, amejiua, au ameuawa? Swali la tatu ni nani. Daktari wa maiti hujibu la kwanza, na mara nyingi husaidia la pili. La tatu si lake. Hilo ni kazi ya polisi na mahakama. Katika televisheni mtu mmoja hujibu yote matatu, na hapo ndipo sisi watazamaji tunapopotea.

Tuchukue mfano wa saa ya kifo. Mchezoni daktari huinama, hugusa maiti, kisha hutaja saa kana kwamba ameisoma ukutani. Kwa kweli mwili wa maiti hupoa polepole mpaka ulingane na joto la mahali ulipo. Hukakamaa kuanzia saa chache baada ya kufa, na baada ya siku moja au mbili hulegea tena. Damu nayo hushuka upande wa chini na kuacha rangi ya zambarau. Kwa hiyo maiti aliyekutwa kifudifudi, ilhali rangi ile iko mgongoni, huenda amegeuzwa na mtu. Hizi zote ni dalili nzuri. Lakini joto la nchi, nguo, unene wa mtu na upepo hubadili hesabu. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hasemi "saa nne na robo." Husema "kati ya saa fulani na saa fulani," na mara nyingine nafasi yenyewe ni kubwa.

Jambo jingine ni utunzaji wa vitu. Unywele, uzi wa nguo, tone la damu, kila kimoja hutiwa katika mfuko wake, hufungwa, huandikwa tarehe na saa, na kila anayekipokea hutia sahihi. Kama sahihi moja imekosekana, wakili ana haki ya kuuliza mahakamani: je, ni kitu kile kile? Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja huacha kitu juu ya mwenzake. Ni kweli. Lakini alama hiyo haina faida kama imekanyagwa, imefagiliwa au imezikwa kwa haraka.

GOLOLI YA LONDON

Sasa nieleze kifo kimoja cha kweli kilichotokea ugenini. Georgi Markov alikuwa mwandishi wa vitabu na michezo ya kuigiza kutoka Bulgaria. Aliiacha nchi yake mwaka 1969, akakaa London, akafanya kazi BBC, na katika redio aliwasema wakubwa wa serikali ya kwao bila ya kuogopa.

Tarehe 7 Septemba 1978 alikuwa karibu na kituo cha basi penye Daraja la Waterloo. Akasikia mchomo nyuma ya paja la kulia. Alipogeuka akamwona mtu akiokota mwavuli, kisha mtu yule akaondoka. Markov akaenda kazini, akawaonyesha wenzake alama ndogo nyekundu. Usiku homa ikampanda. Akapelekwa hospitali, na tarehe 11 Septemba akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 49.

Hapa tuangalie kwa makini. Mtu ana homa kali, na chembe nyeupe za damu yake zimeongezeka mno. Ni rahisi kuandika kwamba damu imeingiwa na vijidudu, kisha akazikwa. Lakini mgonjwa alikuwa ameeleza habari za mchomo, nao waliomsikia hawakuyadharau maneno yake. Maiti ikachunguzwa. Sehemu ya nyama ya paja penye alama ile ilikatwa ikapelekwa Porton Down, mahali pa utafiti wa serikali ya Uingereza. Ndani yake ikatoka gololi ndogo mno, kipenyo chake hakifiki milimita mbili, mfano wa kichwa cha pini. Ilikuwa ya platini iliyochanganywa na iridi, nayo ilikuwa imetobolewa matundu mawili membamba sana.

Mtu wa televisheni angepima gololi ile mashineni, jina la sumu likatokea. Haikuwa hivyo. Matundu yalikuwa matupu, na sumu yenyewe haikuonekana mwilini mwa Markov. Wataalamu walibaki na njia ya akili. Walijiuliza: sumu inayoweza kuenea katika matundu madogo namna hii, nayo ikamwua mtu mzima, ni ipi? Sumu nyingi zikaanguka hapo hapo, kwa kuwa kiasi kile kisingetosha. Nyingine zikaondolewa kwa kuwa dalili zake si zile za marehemu. Mwisho wakabaki na risini. Nguruwe mmoja akadungwa risini, akaugua kwa namna ile ile, akafa.

Wasomaji wengi watashangaa kujua risini hutoka wapi. Hutoka katika mbegu za mnyonyo, mti ambao wengine huuita mbarika, ule ule unaoota majalalani na kandokando ya njia zetu. Mafuta ya nyonyo yaliyokamuliwa na kutengenezwa vyema hutumika bila ya madhara, maana sumu haimo katika mafuta. Lakini mbegu zenyewe ni hatari, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza wasizitafune kwa mchezo.

Habari ya kifo ilipoenea, Mbulgaria mwingine, Vladimir Kostov, mwandishi wa habari aliyekuwa Paris, akakumbuka jambo lake. Tarehe 26 Agosti mwaka ule ule alipokuwa akitoka kwenye reli ya chini ya ardhi alisikia mchomo mgongoni, akapata homa, akapona. Alichunguzwa, na mgongoni mwake ikatolewa gololi iliyofanana na ile ya London. Basi jambo lililokuwa dhana likapata mguu wa pili wa kusimamia. Mwezi wa Januari 1979 hakimu achunguzaye vifo mjini London aliamua kwamba Markov aliuawa kinyume cha sheria.

Je, mwuaji ni nani? Hakuna aliyepata kushtakiwa. Nchini Bulgaria shauri hilo lilifungwa mwaka 2013 kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umekwisha. Na ule mwavuli? Dunia nzima huliita jambo hili mauaji ya mwavuli, lakini mwavuli wenyewe haukupata kuletwa mbele ya hakimu, na hata leo watu hubishana kama ndio uliorusha gololi, au mtu yule aliudondosha tu ili ainame kuuficha uso wake. Gololi ilionekana, mwavuli haukuonekana. Mtaalamu alisema juu ya gololi akanyamaza juu ya mwavuli, nami naona kunyamaza kule kulikuwa sehemu ya kazi yake.

KIJANA WA LEICESTER

Mfano wa pili ni mfupi. Katika eneo la Leicester, Uingereza, wasichana wawili, kila mmoja wa miaka 15, waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, naye alipohojiwa akakiri kosa la pili. Ndugu zangu, miaka 17 ndiyo umri wangu mimi ninayeandika.

Katika Chuo Kikuu cha Leicester alikuwako mtaalamu Alec Jeffreys, ambaye mwaka 1984 alikuwa amegundua namna ya kuwatambua watu kwa vinasaba, yaani DNA. Polisi walimwomba apime, wakitumaini kuthibitisha kwamba kijana yule alifanya makosa yote mawili. Majibu yakatoka: mwuaji wa wasichana wote wawili ni mtu mmoja, wala si kijana yule. Akaachiliwa. Baadaye wanaume zaidi ya 4,000 walitoa damu au mate yapimwe. Mwenye kosa alimtuma mtu mwingine akapimwe kwa jina lake, lakini hila ile ikasikika, akakamatwa mwaka 1987 na kufungwa maisha mwaka 1988.

Basi ilipotumika mara ya kwanza katika shauri la mauaji, elimu hii kubwa ilianza kwa kumfungua asiye na kosa kabla ya kumfunga mwenye kosa. Yafaa tulikumbuke hilo tunaposhangilia pingu katika televisheni.

JAMBO LA KIJIJINI KWETU

Sasa nieleze kwa nini maneno ya mwalimu yalinichoma. Nilipokuwa darasa la saba, mtu mmoja jirani yetu, mwenye nguvu zake, alikufa usiku bila ya kuugua. Asubuhi yake alikuwa amekunywa chai na maandazi kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza karibu na bomba la maji. Simtaji jina. Kabla jua halijapanda watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba bibi yule alimtilia marehemu kitu. Mbona walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba? Wazee wengine wakatikisa vichwa wakasema, "Lisemwalo lipo." Adhuhuri marehemu akazikwa. Hakuna aliyekwenda kutoa habari polisi, hakuna daktari aliyeitwa.

Mimi nami asubuhi ile nilikula maandazi yale yale, kutoka sinia lile lile, nikiwa njiani kwenda shule. Sikuumwa hata tumbo. Lakini watu walipokuwa wakisema sikusema kitu. Tena jioni, bombani, mtoto mwenzangu aliponiuliza, nilimjibu kwa kujifanya najua: "Ni yule bibi." Nilitaka nionekane mtu mwenye habari. Baada ya wiki chache hakuna aliyenunua kitu kwake. Akafunga mizigo yake akahamia kwa binti yake, mji wa pili.

Sasa nikiyapima mambo yale kwa elimu niliyoipata, naona hivi. Sababu ya kifo haikujulikana, wala haitajulikana. Namna ya kifo haikujulikana. Sisi tuliyaruka maswali yote mawili tukaanza na la tatu, na jibu lake tukalitoa kabla ya saa sita mchana. Ugomvi wa shamba haukuwa ushahidi wa sumu. Na ushahidi mdogo uliokuwako, yaani mtoto aliyekula chakula kile kile akawa mzima, ulikuwa tumboni mwangu, nami nikauficha. Sisemi kwamba huo ungemaliza maneno, maana mtu aweza kutia sumu katika kikombe kimoja tu. Lakini ungewafanya watu wasite. Ule mchezo wa televisheni waitwa Shahidi Aliye Kimya, na maana yake ni maiti. Kijijini kwetu shahidi aliye kimya alikuwa mimi.

Likizo ya Juni nilipanda basi nikaenda alikohamia. Nilimkuta akichambua mchele. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," akaniuliza habari za nyumbani na za masomo. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, mikono yake imo katika ungo. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini walikuwako wakubwa." Akanitilia chai. Nilipokuwa nikiaga akaniambia, "Ukifika, waambie nawasalimu." Nimewaambia. Wengine waliinamisha macho, wengine wakabadili mazungumzo.

MAFUNZO

Kwa kumaliza, naweka mafunzo manne ambayo wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi wanaweza kuyapima.

Kwanza, tutenganishe maswali. Tusiulize nani kabla ya kujua nini. Hata katika maabara yetu ya shule, mwanafunzi anayeandika jibu kabla ya kutazama rangi katika tyubu anafanya kosa lile lile.

Pili, kama kifo kina shaka, taarifa itolewe polisi mapema, na vitu visiguswe. Najua kwamba kwa mila na dini zetu nyingi kuzika upesi ni kumheshimu marehemu, nami sipingi heshima hiyo. Lakini pale penye shaka ya kweli, kumchunguza nako ni kumheshimu, na ni kuwalinda walio hai. Nchi yetu ina madaktari wa kazi hiyo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu na vinasaba. Elimu hii si ya Wazungu wa televisheni tu.

Tatu, aliyeona jambo na aseme aliloliona, asizidishe wala asipunguze. Markov alieleza mchomo na mwavuli, basi. Laiti wenzake wangemcheka, gololi ile ingezikwa naye.

Nne, tujifunze kusema "haijulikani." Neno hili halina utamu wa kukamatwa kwa mwuaji, nalo halishangiliwi bwaloni. Lakini mara nyingi ndilo neno la kweli, na aliyelisema hajamfukuza mtu nyumbani kwake.

Namshukuru mwalimu wetu wa Baiolojia kwa maswali yake matatu. Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Kama Mungu akinijalia kufaulu, nataka nisome udaktari, na katika udaktari nichague kazi hii ya kuwachunguza wasioweza kujieleza. Wenzangu hunicheka, husema nitakuwa daktari ambaye wagonjwa wake hawasemi ahsante. Nami huwajibu kwamba wako watu wengine watakaosema, na nikimkumbuka yule bibi na ungo wake, namjua mmoja ambaye angesema.